Vigae vya Nabintu

Wiki iliyopita mujukuu wangu alianza kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba, hapa Katoyi, na tangu siku ile masikio yangu hayajapumzika. Nge! Nge! Nge! Chuma juu ya jiwe. Ninyi mulio katika nchi za udongo hamuwezi kuijua sauti hiyo. Kwenu mutu anashika jembe asubuhi, saa sita amekwisha kuzama mpaka kichwa. Hapa Goma tunakaa juu ya moto uliokufa ukawa jiwe. Unapiga mutaimbo, cheche zinaruka, jiwe linakuangalia tu. Choo ni kazi ya miezi miwili, na ukifikisha wa tatu majirani wanakuja kuuliza kama unatafuta zahabu, na kama ukiipata utawakumbuka.

Sauti hiyo haikunipeleka moja kwa moja kwenye mambo ninayotaka kuwaambia. Akili ya mutu muzee ni kama mbuzi: unaivuta njiani, yenyewe inakwenda kwenye mihogo. Ilinipeleka kwanza Kibati.

Siku hizi ukitaja Kibati watu wanawaza mahema ya wakimbizi. Wakati ule, siku za Zaïre, palikuwa vijumba vichache kando ya barabara, na volkano juu yetu ikitoa moshi kama mama anayepika bila haraka. Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Masisi, Papa, Mama, mimi, na mudogo wangu Baraka. Surua ilimuchukua Baraka kwa siku nne. Mimi nilikuwa na miaka sita hivi, hakuna aliyeandika.

Papa na wanaume wawili walishika mitaimbo alfajiri, na mpaka jua linaegemea walikuwa wamefika magotini tu. Nge, nge, nge. Walipomulaza mutoto, wakataka kumufunika, njo wakaona shida yenyewe: kilichotoka shimoni kilikuwa mawe matupu. Mawe hayafuniki mutu. Yanaacha matundu, na kupitia matundu nililiona shuka la Baraka. Basi wamama wakachukua mabeseni, wakaenda mbali, kwenye shamba la mutu la viazi, wakaomba udongo. Walirudi kwa mustari, kila mumoja na beseni kichwani, na Mama alikuwa wa tatu kwenye mustari ule. Alibeba udongo wa kumufunika mutoto wake kama mutu anayetoka sokoni. Kiazi kimoja kilikuwa kimejificha ndani. Nyuma ya wiki chache kiliota juu ya kaburi, na Mama alimukataza kila mutu kuking'oa.

Nyanya yangu alisema siku ile, "Mutu asiye na udongo wake hajafika." Nilisikia maneno, nikayaweka, sikuyafungua. Mutoto anaweka maneno kama kuku anavyoweka muchanga tumboni.

Sasa muko tayari kwa Muzee Chubaka, mufinyanzi.

Papa alipata kazi ya sentineli, mulinzi wa mulango, katika nyumba ya Wazungu kule Himbi, karibu na ziwa, nasi tukahamia hapa Katoyi, kwenye kiwanja hiki, parcelle ninayoandikia, ambayo wakati ule ilikuwa mawe na vichaka na nyoka mumoja tuliyemujua kwa sura. Siku moja Papa alirudi na mutu mufupi, mwenye kofia ya majani, na nyuma yao vijana wawili wamebeba mizigo iliyofungwa kwa majani ya migomba. Tulifikiri ni mandizi. Tulifungua: udongo. Udongo mweusi, wenye maji, unanuka samaki na mizizi. Wamama wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mufinyanzi katika muji usio na udongo! Ni kama muvuvi kuhamia juu ya mulima.

Alitoka Idjwi, kisiwa kile mutu anachokiona kutoka Himbi siku isiyo na ukungu, kimelala ndani ya Kivu kama ngozi iliyoanikwa. Papa alikuwa amemukuta bandarini amekaa juu ya mizigo yake, hajui pa kwenda, akamupa kijumba cha mbao nyuma yetu. Watu hawakupenda. Huku kwetu kufinyanga watu wanasema ni kazi ya Batwa, wale watu wa musituni, na Mutwa watu wananunua chungu chake lakini hawanywi naye. Mama Furaha, jirani yetu, mwanamuke wa mudomo, aliita kutoka kwenye mulango wake:

"Papa Sifa! Umeweka Mutwa kwa parcelle?"

"Nimeweka mutu," Papa akajibu.

"Eh! Basi umupe kikombe chake peke yake."

Papa akashika muzigo mumoja, akauingiza kijumbani. Lakini siwezi kuwadanganya: Mama alimupa Muzee kikombe chake peke yake. Kilikuwa cha bati, na alama ya muvunjiko pembeni, na kilikaa nje juu ya jiwe, hata mvua ikinyesha. Yeye alikunywa, akakiosha, akakirudisha juu ya jiwe. Kama alikuwa Mutwa au Muhavu kama watu wengine wa kisiwa, mpaka leo sijui. Leo ninaona haya kwamba nilitaka kujua.

Sifa ni mimi. Masomo yangu yaliisha mwaka wa pili wa primaire, Mama alipozaa mapacha, na mutu wa kubeba pacha mumoja akatakiwa. Ndiyo sababu herufi zangu zimeinama. Lakini macho hayakuacha kusoma, na kitu nilichosoma zaidi miaka ile ni mikono ya Muzee Chubaka.

Alifanya kisiwa chake chote kwa udongo. Hakufinyanga tu nyungu za maharage. Alitengeneza mitungi yenye vishikio vya fisi maji, yule munyama wa ziwa mwenye masharubu, amejikunja anataka kuruka. Alichukua majani ya musituni yaliyochanika kama chanuo, akayagandamiza kwenye udongo mubichi, akayatoa polepole, na mushipa wa kila jani unabaki. Alichukua sambaza, samaki wetu wadogo kama kidole, akawapiga chapa mumoja mumoja kuzunguka shingo la mutungi, kundi zima linaogelea. Kisha aliwaosha, akawakaanga, akawala. "Hawa wamefanya kazi mara mbili," alisema. Alitengeneza chungu cha nanasi, na Wazungu wa Himbi, ambao Papa aliwapelekea, walikicheka kwa furaha na kukiweka mezani bila kitu ndani, jambo ambalo Mama hakulielewa kamwe. Na alitengeneza yule ndege wa ziwa mwenye madoa meusi na meupe, anayesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Mudomo wa ndege aliuweka mwisho, akiwa amebana pumzi, nami nilibana yangu kumusaidia.

Nilimuuliza siku moja, "Muzee, mbona haufanyi magari? Batoto banapenda magari."

"Gari haikunilea," akasema.

Alisema kidogo hivyo. Kila wiki tatu nne alivuka ziwa kwenda kuchukua udongo, na Papa, aliyemusindikiza mara moja, alituambia kwamba ndani ya mutumbwi alikaa ameipa njia mugongo, kofia imeshuka mpaka puani, hakuangalia maji hata mara moja, kwenda na kurudi. Tulicheka. Mutu wa kisiwa anaogopa maji!

Kazi yangu kwake ilikuwa kusaga vigae. Hii mutu asiyefinyanga haijui, kwa hiyo mungoje niwaeleze. Udongo mupya peke yake ukiuingiza motoni unapasuka. Lazima uuchanganye na vipande vya vyungu vya zamani, vilivyokwisha kuvunjika, umesaga vizuri kama unga. Vile vimekwisha kupita motoni, vinaujua, havishituki. Yeye alisema hivi: "Udongo mupya ni batoto. Vigae ni bazee. Batoto pasipo bazee, moto ukibagusa, banalia na kupasuka."

Basi nilikuwa napita nyumba kwa nyumba na kikapu: hodi, muna vigae? Kila nyumba ilikuwa na chungu kilichokufa. Nilirudi, nikapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, nikasaga mpaka mabega yakawaka. Watoto wa njiani walikuwa na wimbo wao:

"Sifa wa Mutwa, Sifa wa Mutwa! Unasaga vyungu, utazaa vyungu!"

Furaha, binti ya jirani, rafiki yangu wa kuruka kamba, aliuimba kuliko wote, na kesho yake alikuja kuniita tucheze kama hakuna kitu. Ndivyo watoto walivyo.

Ndani ya kijumba cha Muzee, juu ya kitanda, kulikuwa na musumari, na kwenye musumari kifuko cha nyuzi, kizito, kimefungwa mudomo. Alituambia mara moja tu, "Kile musiguse." Hakusema kwa nini. Mimi nilijua kulikuwa na vigae ndani, kwa sababu siku moja kilipoyumba nilisikia vinagongana. Nikafikiri ni muchoyo, anajiwekea vizuri zaidi.

Mimi sikujua, lakini ninyi nitawaambia sasa, kama Papa alivyokuja kuniambia baadaye. Muzee Chubaka alikuwa na binti, Nabintu. Alipofika miaka tisa alikwenda na nyanya yake sokoni kwa mutumbwi, upepo wa ziwa ukashuka kutoka milimani kama unavyoshuka, mutumbwi ukapinduka. Nyanya walimupata. Nabintu hakuonekana. Alikuwa ametengeneza chungu chake cha kwanza, kidogo, akakipaka udongo mwekundu wa pwani ya kwao, baba yake akakichoma, hakikupasuka. Sasa kuna desturi, sijui kama ni ya kisiwa chote au ya nyumba yao tu: mutu akibaki majini, wanavunja chungu chake. Nusu wanaitupa ziwani pale alipoangukia. Nusu nyingine anakaa nayo mwenye kilio, mpaka siku ziwa litarudisha kitu, mufupa, nguo, hata kama ni ushanga. Siku hiyo wanazika kitu hicho pamoja na ile nusu, na kilio kinafungwa. Na ziwa likikataa, ile nusu anazikwa nayo yule aliyeishika. Mpaka hapo matanga hayajaisha. Miaka sita Muzee alikuwa matangani, ya mwisho ndani ya parcelle yetu, na sisi tuliona tu muzee asiyependa maneno.

Bon. Padri wa parokia yetu, Muzungu mwenye ndevu za mahindi, aliona ule mutungi wa sambaza, ambao Papa alikuwa ameupeleka pia Himbi. Akaja mwenyewe Katoyi, akapita juu ya mawe na kanzu yake. Alitaka beseni kubwa la kubatizia watoto, kwa kanisa jipya, liwe na samaki na ndege na majani ya kisiwa, lifike kabla ya Pasaka. Siku ile Muzee Chubaka alisimama wima. Mama alikitoa kikombe cha bati juu ya jiwe, akakiosha yeye mwenyewe. Hata Mama Furaha alisema, "Kumbe ni fundi ya Mungu."

Beseni la kwanza lilipasuka motoni. Tulisikia sauti, tii! kama jino linalovunjika. La pili vilevile. Kitu kikubwa namna ile kinataka vigae vingi, na vilivyosagwa kuliko unga wa muhogo. Kabla ya la tatu Muzee alikwenda Idjwi kuchukua udongo wa chini zaidi, siku tano. Akanipa ndoo mbili.

"Sifa, nikirudi nikute zimejaa. Usichanganye jiwe ndani. Jiwe la Goma likiingia, kwisha."

Nikamuambia ndiyo, Muzee.

Siku ya kwanza niliruka kamba. Siku ya pili niliruka kamba, na mapacha wakaugua tumbo. Siku ya tatu nikachukua kikapu. Nyumba ya kwanza, hakuna, tumeshakupa. Nyumba ya pili, hakuna. Kwenye nyumba ya tatu vijana wakubwa walikuwa wamekaa nje, mumoja akaniita, "Bibi ya Mutwa, njoo nikuone mikono," wakacheka wote, na Furaha alikuwa amesimama pale, akacheka nao. Nilirudi nyumbani. Haya ni kitu kibaya. Njaa utaisema, woga utausema, haya utaimeza na kuiacha ifanye kazi yake ndani.

Siku ya nne mvua ilinyesha toka asubuhi. Jana yake nilikuwa nimesaga vipande vya yale mabeseni mawili: ndoo moja ikajaa, ya pili ikapungua vitanga viwili. Kurudi njiani sikutaka. Niliingia kijumbani, nikapanda juu ya kitanda, nikakitoa kile kifuko.

Vigae vilikuwa saba. Vyekundu nje, vyeusi ndani, laini, vimechomwa na mutu anayejua. Juu ya kimoja kulikuwa na alama za vidole, pale mutengenezaji alipobana ukingo. Vidole vidogo. Nikaweka kidole changu ndani ya alama moja, kikaingia sawasawa, kama mutu aliyepima.

Nilikaa pale kidogo. Ninakumbuka mvua juu ya mabati. Kisha nikavisaga.

Na nitamalizia, kwa sababu nimeshaanza: niliokota mawe meusi ya Goma, nikayajaza kifukoni, nikakifunga mudomo, nikakirudisha kwenye musumari ili kining'inie na uzito uleule. Hiyo sehemu ya pili sikumuambia hata padri kwenye kitubio kwa miaka mingi. Kusaga ni ujinga wa mutoto. Yale mawe, hapana. Yale niliyafikiria.

Muzee akarudi. Akaingiza mukono ndani ya ndoo, akasugua unga kati ya vidole, akausogeza karibu na jua. "Leo umesaga kama mutu mukubwa," akasema, na akanipa yule ndege wa ziwa, aliyechomwa tayari, mwenye mudomo muzima. Nilimuweka chini ya mukeka wangu. Sikumuangalia.

Beseni la tatu alilijenga kwa siku tisa. Pembeni akachora mawimbi, na ndani yake akapanga sambaza, mamia, kwa mustari unaopanda na kushuka. Fisi maji wawili chini kama miguu. Majani yale ya chanuo juu ya ukingo. Na pale ambapo padri angesimama, ndege, anashuka kichwa chini. Akalifunika kwa majani ya migomba yenye maji, akalikausha polepole kama mutu anayemulaza mugonjwa.

Alilichoma siku ya Jumamosi, asubuhi, ndani ya bonde la jiwe nyuma ya nyumba. Mavi ya ng'ombe yaliyokauka chini, kuni za mukaratusi, majani juu. Parcelle ilijaa watu. Kila mutu alingoja ile sauti, tii. Wanawake wanaong'oa mahindi kwenye gunzi wakasimamisha vidole. Hakikulia kitu. Saa tisa akasukuma majivu kwa fimbo, na beseni likatoka, zima. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, likaimba kama kengele ya masomo. Watu wakapiga makofi. Mama Furaha akapiga vigelegele. Papa alitoa kofia, sijui kwa nani.

"Leta maji tuoshe majivu," Muzee akasema.

Mama akamwaga maji. Na majivu yalipotelemuka, ndani ya ule weusi, katikati ya samaki, nukta nyekundu zikaonekana. Ndogo, nyingi, beseni zima.

"Ona!" Mama akasema. "Kama nyota!"

Muzee Chubaka akasogea karibu. Akainama. Akakwaruza nukta moja kwa ukucha, akaiangalia juu ya ukucha, akaionja kwa ulimi. Akaenda kijumbani mwake bila haraka. Akarudi na kifuko, akakifungua mbele ya watu wote, akakipindua. Mawe meusi yakaanguka, to, to, to.

"Nani aliingia kwangu?"

"Ni nini, Muzee?" Papa akauliza.

"Dawa zao hizo," Mama Furaha akanong'ona kwa sauti ya watu wote kusikia. "Niliwaambia."

"Nyamaza, mama," Papa akasema. Akatuangalia sisi watoto. Wengine walikuwa wanaangalia mawe. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu, na miguu ilinitaja.

"Sifa?"

"Vigae viliisha," nikasema.

Muzee akachuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa karibu, niliona majivu ndani ya makunyanzi.

"Ulisaga vyote?"

"Vyote."

"Hata kimoja hakikubaki? Kidogo? Labda kilianguka chini ya kitanda?"

"Hapana, Muzee. Nilifagia."

Papa akainua mukono. Hakuwa mutu wa kupiga, lakini siku ile aliuinua mpaka juu, na Muzee Chubaka akaushika hewani.

"Usimupige," akasema. "Amesaga vizuri. Haukuona? Halikupasuka."

Watu waliondoka mumoja mumoja, kama watu wanavyoondoka mahali palipooza. Yeye alikaa kando ya beseni. Akatumbukiza mukono majini, akaanza kulisugua ndani, polepole, kila pembe, nyuma ya kila samaki, kama mutu anavyomuosha mutoto shingoni na nyuma ya masikio. Kikombe chake kilikuwa juu ya jiwe. Mama alikichukua, akaingia nacho nyumbani, akakiweka pamoja na vikombe vyetu. Alichelewa.

Kesho yake nyuma ya misa padri alikuja na kamyoneti na vijana wanne. Alipoliona alifanya ishara ya musalaba. Muzee alikuwa ameweka mukono juu ya ukingo, hakuutoa.

"Mon père," akasema, "mutoto wangu iko ndani."

Padri akacheka kwa upole, akamupiga bega. "Ndiyo, Muzee. Kila fundi wa kweli anasema hivyo. Umeweka moyo wako wote."

Papa alifungua mudomo aeleze. Muzee akamuangalia, Papa akaufunga.

"Mutaweka maji ndani yake?" Muzee akauliza.

"Kila Jumapili, Muzee. Maji mazuri, ya baraka."

Akafikiri. Vijana walikuwa wamekwisha kuinama wanangoja.

"Maji tena," akasema, na akautoa mukono.

Watoto wangu wanne walibatizwa ndani ya beseni lile. Kila mara, padri akimwaga, mimi nilikuwa natafuta zile nukta. Wamama wengine waliniona ninalia, wakasema Mama huyu ana imani. Halafu mwaka mumoja volkano ilishuka mpaka ndani ya muji, moto ukapita juu ya kanisa, na beseni liko chini ya jiwe mpaka leo. Nyanya yangu angesema nini? Nabintu amepata moto mara tatu, maji hayahesabiki, udongo wa kumufunika hakuna.

Na mutoto wangu wa tatu, Amani, alitoka asubuhi moja ya vita kwenda kutafuta bidoni, dumu moja la maji, upande wa Kibati. Ni miaka kumi na minne. Nilikwenda kwenye kila shimo walilosema wamezika watu. Sina mufupa, sina kiatu. Nina shati lake la kijani, limekaa kwenye musumari juu ya kitanda changu, na nimewaambia wajukuu, lile musiguse. Mumoja aliniuliza kwa nini nisilifue. Miaka yote nilifikiri nilimunyima muzee yule kaburi la mutoto wake. Haikuwa hivyo. Kaburi hakuwa nalo. Alikuwa na kungoja, na kungoja kunataka kitu cha kushika mukononi. Kile njo nilichosaga.

Lakini Jumapili ile sikujua kitu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe la kikombe, na pacha mumoja mugongoni, naangalia kamyoneti inavyoyumba juu ya mawe na beseni lililofungwa blanketi. Vumbi lilipotulia, Muzee Chubaka aliingia kijumbani, akatoka na kofia yake. Kifuko alikuwa nacho, kitupu, amekikunja mara mbili chini ya kwapa. Ngazi ya mbao, mikeka, udongo uliobaki ndani ya majani yake, aliacha. Alipita mbele yangu. Nikafikiri atasema neno. Alimurekebisha pacha kichwa, kilikuwa kimeinama vibaya, akaendelea.

Mama Furaha alikuwa anaanika nguo. "Unaenda wapi na jua hili, Muzee?" akamuita.

Akagusa kofia yake kumusalimia. Akashika njia ya Himbi, ile inayoteremuka mpaka ziwani, anakanyaga polepole juu ya mawe kama mutu anayekwenda kutafuta kuni. Watu wa bandarini walisema hawakumuona, na hakuna mutumbwi uliomuvusha. Mama alimuwekea chakula jioni ile, na jioni iliyofuata.